Wapangaji wa Msandarusi

Jambo lote lile lilinigharimu shilingi elfu nne mia mbili na themanini, jogoo mmoja, kishoka kimoja kizuri, na majani ya upande mmoja wa mti. Nimehesabu mara mbili. Fedha nimeshazisamehe, na jogoo alikuwa na tabia mbaya. Yanayoniuma ni majani, kwa sababu yalikuwa yakitia kivuli, na ndani ya kivuli kile mlikuwa na jiko la bibi wa watu.

Mwaka juzi hoteli za Diani zilikuwa na wahudumu wengi kuliko wageni. Fujo za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimekwisha, lakini wazungu ama walikuwa hawajaambiwa kuwa zimekwisha, ama walikuwa wameambiwa mno kuwa zilianza. Mimi kazi yangu ilikuwa ufukweni. Nilikuwa nikiuza vipande vya sandarusi, ile gundi kavu ya rangi ya asali inayotoka kwenye mti wa msandarusi, kila kipande kikiwa na sisimizi mmoja ndani. Wageni niliwaambia kwamba sisimizi huyo alikufa kabla ya gharika ya Nabii Nuhu. Kwa kweli alikufa Jumanne. Wageni walipokatika nilibaki na sisimizi mia moja na kumi na wawili wasio na mnunuzi, nikaona heri nijaribu biashara ya halali. Kulikuwa na fundi wa samani pale Kona ya Musa aliyekuwa akiyeyusha sandarusi kutengenezea vanishi, na kulikuwa na akina mama waliokuwa wakiichanganya na udi kwa ajili ya chetezo. Hao hawakutaka sisimizi. Walitaka kilo.

Nikatafuta mti.

Niliupata nyuma ya Msambweni, ukiiacha lami na kuipita mikorosho. Ulikuwa mkubwa, mnene, wa kukumbatiwa na watu wawili wanaopendana au watatu wasiopendana. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane, mkaanga vitumbua. Nasema mwenye mti, sisemi mwenye ardhi, maana kwetu pwani hivyo ni vitu viwili. Mtu huweza kuwa na mnazi bila kuwa na mchanga ulioshika mizizi yake, akaurithisha, akauweka rehani, akaugombania na nduguze mpaka azikwe. Msandarusi ule Bibi aliurithi kwa mjomba wake. Ardhi, kwa karatasi, ilikuwa ya jirani yake, mtu wa bara, Mkristo, aliyegawiwa shamba pale zamani, akapanda mahindi na mihogo, akazeekea hapo hapo. Walikuwa wakitaniana kila asubuhi bila kukosa. Mwaka wa fujo, Bibi ndiye aliyemfichia cherehani chini ya kitanda chake, na hilo hawalizungumzi.

Mapatano yao yalikuwa mafupi. Pale kinapofika kivuli cha msandarusi saa sita ya mchana, ni pa Bibi. Kinapoishia, ni pa jirani. Kwa kuwa kivuli huhamahama na miezi, walikubaliana kipimwe mara moja kwa mwaka, masika yakishakatika. Mti ukifa, kivuli nacho kimekufa, na mahali pote hurudi kwa jirani. Waliyasema hayo mbele ya mashahidi, wakala wali, ikawa imekwisha. Bibi akajenga jiko lake la makuti upande wa kusini wa mti, ndani kabisa ya kivuli, na kwa miaka yote hiyo kipimo kilikuwa ni mzaha wa kila mwaka. Jirani huja na kamba, huivuta, husema "Mama, bado uko kwako," kisha hupewa vitumbua vitatu.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Unauza nini?"

"Leo nanunua."

"Basi keti. Muuzaji huondoka upesi, mnunuzi ndiye asiyebanduka."

Tulivutana kutwa nzima. Mwisho akasema, "Chale ishirini. Si kumi na tisa, si ishirini na moja. Mjomba wangu alikuwa akisema mti huu una uvumilivu wa chale ishirini, nami sikuwahi kumpinga akiwa hai, sitampinga sasa." Nilitoa fedha, akaziangalia kama mtu anayeangalia samaki wa jana. Nikaongeza jogoo. Tukapeana mkono: chale ishirini, msimu mmoja.

Kugema sandarusi si kazi ngumu. Unachanja gome kwa kishoka mpaka uione mbao, unaacha siku kadhaa, mti unatoa machozi yake, yanaganda, unakuja kuyabandua. Nilichanja chale ishirini, nikazihesabu mara mbili, zikawa ishirini na ishirini. Kosa langu la kwanza lilikuwa la tumbo. Chale zote nilizichanja upande wa kusini, kwa sababu upande huo ndiko kulikokuwa na jiko, na mtu akichanja huku ameelekea jikoni hupewa kitumbua.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu, nami sikuwahi kukosea hesabu maishani.

Baada ya majuma matatu nilirudi kuhesabu chale zangu. Nikapata kumi na nne. Nikahesabu tena: kumi na nne. Nilihisi nimeibiwa. Nilinunua ishirini, mbona nina kumi na nne? Nikachanja sita, haki yangu. Mara iliyofuata nikapata kumi na tatu, na mara ya pili kumi na tatu. Nikachanja saba. Mwezi mwingine nikapata kumi na mbili. Nikachanja nane, huku nikimlaumu jirani kimoyomoyo, maana nilimshuku kwamba anakuja kuziba chale zangu kwa udongo, watu wa bara wana wivu wa sandarusi. Kila nilipohesabu nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilikosea sawasawa, ndiyo sababu niliamini nimepatia.

Hapo ndipo alipokuja msichana wa chuo kikuu.

Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amebeba kisanduku cheupe cha barafu, na kabla hajafika kwa Bibi alikuwa ameshawakatalia watu wanne waliotaka aiskrimu. Naye alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye miwani. Alimwamkia Bibi vizuri, shikamoo kamili, akapewa kigoda.

"Nasoma vitu vinavyoishi ndani ya miti," alisema.

"Popo?" Bibi akamuuliza.

"Wadogo zaidi. Bakteria. Si wale wa magonjwa, hapana, hawa ni wazuri. Wako ndani ya mbao, ndani ya majani, mpaka kwenye mizizi. Mti unawapa makao na chakula, nao wanausaidia kupigana na magonjwa, kuvumilia ukame, vitu kama hivyo."

"Wangapi?" nikamuuliza mimi.

"Hawahesabiki."

"Kila kitu huhesabika, dada. Kinachokosekana ni bidii."

Bibi aliacha kugeuza vitumbua. "Wanakaa humo bure?"

"Bure, Bibi. Lakini wanafanya kazi."

"Basi wamemshinda marehemu mume wangu."

Msichana akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza shida yake. Alitaka kujua bakteria hao wanapatwa na nini mti unapochanjwachanjwa kwa ajili ya sandarusi. Chale ni mlango: hewa inaingia, vijidudu vingine vinaingia, na sandarusi yenyewe ni dawa kali isiyochagua adui wala rafiki. Je, wale wema wanabaki, wanapungua, au wanahama? Hakujua, ndiyo maana akaja. Alihitaji mti uliogemwa na mti usiogemwa. Usiogemwa alikuwa ameshaupata, msandarusi mdogo karibu na makaburi ya zamani, ambao hakuna mwenye akili timamu angeugusa kwa kishoka. Sasa aliutaka huu. Angetoboa tundu moja jembamba kama penseli, angechukua kipande cha mbao, na angetoa ahsante kidogo. Alikuwa na karatasi ya ruhusa, na kwenye karatasi mlikuwa na mstari mmoja tu wa kutia sahihi: mwenye mali.

Mstari mmoja ule ulitupeleka kwa naibu chifu.

Maana Bibi alisema mti ni wake, na waliomo ndani ya mti aliwarithi pamoja na mti. Jirani, aliyekuwa amefuata harufu ya vitumbua, akasema, "Hapana, mama. Hiyo bakteria inakunywa maji ya wapi? Si ya shamba yangu? Hata mbolea ni yangu." Nami nikasema kwamba msimu ule utomvu ulikuwa wangu kwa jogoo na fedha taslimu, na bakteria kama wanaogelea, wanaogelea ndani ya mali yangu. Sikuwa nikiyaamini niliyosema. Lakini nilifundishwa ufukweni kwamba kitu kikigombaniwa na watu wawili, wa tatu hapati hasara kwa kujiunga.

Naibu chifu alitusikiliza sote kwa zamu, mkono shavuni.

"Hao wanaogombaniwa wako wapi?" akauliza.

"Ndani ya mti, mzee," akasema msichana.

"Waitwe."

"Hawaonekani kwa macho."

"Wana vitambulisho?"

"Hawana."

"Basi ni watu wa hapa hapa," akasema naibu chifu, akaandika. Watu wote barazani walicheka isipokuwa jirani, ambaye kitambulisho chake kilikuwa kimeshamletea shida mwaka wa fujo.

Aliandika muda mrefu, kisha akatoa hukumu. Mti ni nyumba. Waliomo ni wapangaji. Mpangaji ni wa mwenye nyumba, kwa hiyo Bibi atie sahihi. Jirani ni mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja hana haki ya kuhesabu sufuria za wapangaji. "Na wewe wa Diani," akanigeukia, "wewe ndiwe uliyetoboa kuta. Huyu binti hatatoboa tundu lake mpaka tuandike kwanza kuta zina matundu mangapi. Asije akasingiziwa mtoto wa watu."

"Ishirini," nikasema. "Nimehesabu mara mbili."

Tulirudi mtini sote wanne, pamoja na waliokosa aiskrimu. Msichana alipiga magoti, akatoa kisu kidogo, akaanza kukwangua gome taratibu. Pale nilipokuwa naona gome zima, alikwangua vumbi, chini ya vumbi ikatokea sandarusi ngumu, chini ya sandarusi ikatokea chale yangu, imezibwa kama mdomo wa mtu aliyeamua kunyamaza. Alihesabu kwa sauti. Alipofika ishirini nilitaka kuondoka. Thelathini na tatu, jirani akavua kofia. Alikomea arobaini na moja.

"Hesabu tena," akasema Bibi.

Akahesabu tena. Arobaini na moja.

Nilijaribu kueleza: ishirini, halafu sita, halafu saba, halafu nane, kila mara nikijaza zilizopotea.

"Hazikupotea," msichana akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mti ulikuwa unapona. Kila ulipofunga kidonda, wewe ulifungua kingine."

Kwa kifupi, nilikuwa nikiutoza mti faini kwa kosa la kupona.

Bibi alinyoosha tu mkono. Nikampa kishoka. Hadi leo anapasulia kuni.

Msichana alitoboa tundu lake, akaweka vipande vyake katika vichupa, vichupa katika barafu. Baada ya siku kumi alituita kwenye chumba alichopanga Msambweni. Alikuwa na visahani vya plastiki vyenye kitu kama ubwabwa ulioganda, na juu yake aliotesha waliotoka katika kila mti. Kisahani cha msandarusi wa makaburini kilijaa vidoa vya kila namna: vyeupe, vya manjano, vya waridi, kimoja cha rangi ya chungwa, vingine vimekunjamana, vingine vinang'aa. Kilikuwa kama kanga mpya. Kisahani cha mti wetu kilikuwa na vidoa vingi pia, lakini karibu vyote vilikuwa vya aina moja, rangi ya kijivu cha maji ya vyombo.

Bibi alikiinamia. "Hawa ndio wangu?"

"Hao ndio niliowapata, Bibi. Wapo wasioota kwenye kisahani, kwa hiyo siwezi kusema nimewaona wote. Na mti mmoja mmoja si ushahidi wa kutosha."

"Assalamu alaikum," Bibi akawaambia wale wa kijivu. Akangoja. "Hawaitikii. Wangu wangeitikia. Hawa ni wageni, wamevamia."

"Inawezekana," akasema msichana, na akaandika kitu katika daftari lake. Nadhani aliandika alichosema Bibi.

Nilimuuliza kama wale wa makaburini wanaweza kuuzwa. Nilikusudia kuwanunua niwahamishie kwetu, visahani viwili hivi, kwa bei ya kuelewana. Akaniambia haijulikani kama wapangaji wa mti mmoja hukubaliwa na mti mwingine, na kwamba la busara ni kuacha kabisa kuchanja, kuuachia mti majani yaliyooza chini yake, na kungoja. Huenda wangerudi wenyewe, kutoka udongoni, kwa mvua, kwa mizizi. Huenda. Nilikuwa sijawahi kununua kitu kinachoitwa huenda.

Msichana akarudi chuoni na kisanduku chake. Mti ukaanza kupukutika.

Msandarusi hupukutisha kidogo kila mwaka kisha hutoa majani mapya mekundu, hilo kila mtu analijua. Huu ulipukutisha upande wa kusini na haukutoa kitu. Upande wa kaskazini, ulioelekea mahindi ya jirani, ulikuwa umenawiri kama bwana harusi. Upande wa jiko, matawi yalibaki kama vidole vya mtu anayehesabu. Masika yakakatika. Jirani akaja na kamba yake, na kwa mara ya kwanza hakuja akitania.

Saa sita alivuta kamba. Kivuli kilifika mlangoni mwa jiko kikasimama. Mafiga matatu ya Bibi yalikuwa juani.

"Pima tena," nikasema.

"Wewe nyamaza," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Jirani alikunja kamba, akaikunjua, akaikunja. "Mama, mimi sitaki jiko yako. Nitafanya nayo nini? Mimi sijui kukaanga kitu. Lakini vijana wangu wameshaanza kuniuliza hii shamba inaishia wapi, na mimi nimewaambia miaka yote, inaishia kwa kivuli. Nikibadilisha leo, nikifa watabadilisha wao."

"Umesema kweli," akasema Bibi. "Mapatano ni mapatano. Kula vitumbua vyako."

Akampa vitatu. Jirani alivishika mkononi, hakula, akasema atangoja masika yajayo. Akipima tena na mafiga yakiwa bado juani, basi jiko lihame. Lakini liende wapi? Kwingine kote ni mahindi.

Mimi nikajaribu kulipa. Nilileta turubai, nikalifunga kwenye matawi makavu, likatia kivuli kizuri mno, cha mraba. Jirani akatikisa kichwa: kivuli cha turubai ni cha turubai. Nilimpa Bibi fedha, akazisukuma kwa mwiko. "Nimekuuzia utomvu," alisema. "Wapangaji sikukuuzia. Kivuli sikukuuzia. Nirudishie vyangu, kwa idadi."

"Bibi, idadi yenyewe haijulikani."

"Si ulisema kila kitu huhesabika?"

Kwa hiyo sasa kila Ijumaa baada ya sala naenda makaburini na kikapu. Namtolea salamu kila aliyelala pale, nazoa majani yaliyooza chini ya ule msandarusi mdogo, pamoja na udongo kidogo, nayabeba hadi kwa Bibi, nayatandaza shinani upande wa kusini. Naambiwa watu wa Msambweni wanaamini nimeshikwa na jambo. Nimepeleka vikapu kumi na tisa. Au kumi na vinane. Tangu siku ile ya arobaini na moja, hesabu yangu ya kwanza na ya pili hazikubaliani tena, na hilo sijamwambia mtu.

Ijumaa iliyopita niliona kitu kwenye tawi la chini, upande wa jiko. Vijani vyekundu, laini kama ulimi wa paka. Nikahesabu: kumi na kimoja. Nikahesabu tena: kumi na viwili. Nikamwita Bibi. Alitoka amejifunika kanga kichwani kwa ajili ya jua, mwiko mkononi, akaangalia muda mrefu, akasema havijafika mafigani.

Imebaki miezi miwili masika yakatike na kamba irudi. Basi ninaomba ushauri, na siombi bure, nina sisimizi mia moja na kumi na wawili wa kutoa kama ahsante. Wewe uliyewahi kuurudishia mti wapangaji wake, niambie: ulianza na mizizi au ulianza na chale? Niendelee na majani yaliyooza, au nimezidisha? Na kama hujawahi, lakini unajua kusema na jirani wa bara aliye mkweli kupita kiasi, njoo uzungumze naye wewe. Njoo saa sita mchana, upande wa kusini, utamkuta Bibi juani anakaanga.